Osiloskopu ya Tektronix TDS 540 inashindwa jaribio la kuwashwa: nianzie wapi?

FundiObunga, Kisumu

Nawasalimu mafundi wote. Mimi hutengeneza inveta za sola na vikuza sauti vya makanisani hapa Kisumu, na mara mojamoja huletewa redio za mawasiliano. Miezi miwili iliyopita nilinunua mnadani osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo) ya Tektronix TDS 540, ya miaka ya mwanzo ya 1990, yenye chaneli nne na upana wa masafa wa megahezi 500. Ninajua kwamba ni kubwa kuliko haja ya mtu anayechunguza inveta, lakini iliuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na masharti ya mnada hayakuruhusu mnunuzi aiwashe kabla ya kulipa.

Nilipoiwasha, feni ilizunguka na kioo kikaonyesha maandishi makali yasiyotikisika, lakini jaribio la kujikagua ambalo mashine hulifanya kila inapowashwa lilishindwa kwenye sehemu ya kunasa mawimbi. Sehemu nyingine, yaani prosesa, onyesho na vitufe vya mbele, zilipita bila shida. Chaneli ya 1 na ya 3 zinafanya kazi, ingawa mstari wa chaneli ya 3 ni mnene kidogo kuliko ninavyotarajia. Chaneli ya 2 imekwama juu kabisa ya kioo na haishuki hata nikizungusha kitufe cha kuteremshia mpaka mwisho. Chaneli ya 4 nayo inapanda na kushuka polepole bila kuunganishwa na kitu chochote, mithili ya mtumbwi uliofungwa ufuoni upepo wa jioni unapovuma.

Jambo linalonichanganya zaidi ni joto. Wiki mbili za kwanza, mashine ilikuwa ikishindwa asubuhi, lakini nikiiacha iwake karibu saa nzima kisha nikarudia jaribio, ilipita. Siku hizi haipiti hata ikipata moto, isipokuwa chaneli ya 4 hutulia kidogo. Nimejaribu pia ile programu ya ndani ya kusawazisha njia ya mawimbi, inayoitwa SPC, nayo husimama katikati na kutangaza kwamba imeshindwa.

Nimepima volti za pawa saplai kwa mita ya kawaida nikapata 5.0, -5.1, 14.9 na -15.0, kwa hiyo sidhani kwamba tatizo liko huko. Sijaweza kuangalia kama volti hizo ni safi kwa sababu sina osiloskopu nyingine. Ningekuwa nayo nisingeinunua hii. Nimeondoa vumbi kwa brashi, na kwa macho yangu sioni kitu kilichoungua. Inatoa harufu fulani ikishapata moto, lakini kibanda changu kimepakana na akina mama wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki, kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo sitaki kuishuku mashine kwa makosa ya kikaango.

Nimeona mtandaoni watu wanaouza aisii (chipu) za sehemu ya mbele ya chaneli, zilizong'olewa kutoka mashine zilizokufa. Je, niagize ya chaneli ya 2 na ya 4, au kuna jambo la kuchunguza kwanza?

---

MstaafuNakuru

Ndugu fundi, pole kwa mkosi na hongera kwa kuuliza kabla ya kuagiza. Usinunue aisii hata moja kwa sasa. Chaneli mbili zinapougua kwa namna mbili tofauti wakati mmoja, na ugonjwa wenyewe ukabadilika kwa joto, ni nadra sana chanzo kiwe aisii mbili zilizokufa kila moja kivyake. Mara nyingi ni kitu kinachozilisha volti, au kitu kinachokaa karibu nazo.

Kabla ya lolote, jihadhari. Umeme wetu wa volti 240 ukishanyooshwa unakuwa karibu volti 340 ndani ya kapasita (kihifadhi chaji) kubwa ya pawa saplai, nazo hubaki humo kwa muda baada ya kuchomoa waya, na nyuma ya kioo kuna kilovolti kadhaa. Zima, subiri, kisha pima kabla ya kugusa. Na tafadhali usiwe miongoni mwa mafundi wanaokata pini ya ardhi ya plagi ili "kuelea", yaani mashine isiunganishwe na ardhi. Nimemwona mtu aliyefanya hivyo akarushwa na fremu ya mashine yake mwenyewe.

Sasa fanya majaribio mawili yasiyohitaji kifaa kingine. La kwanza: kwenye chaneli ya 2, badilisha kipimo cha volti kwa kila mgawanyo kutoka kidogo kabisa hadi kikubwa kabisa, kisha badilisha kiingilio kutoka megaomu 1 hadi omu 50. Kama mstari umekwama palepale katika hali zote, basi kipunguzi cha mwanzo pamoja na relei (swichi za sumaku) zake hakina kosa, na ubovu uko mbele yake, kuelekea kwenye kigeuzi kinachobadilisha mawimbi kuwa namba. La pili: unasema huna osiloskopu nyingine, lakini unayo chaneli ya 1 iliyo hai. Mashine hii huendelea kufanya kazi hata baada ya kushindwa jaribio la kuwashwa, kwa hiyo weka probu ya chaneli ya 1 kwenye laini zake yenyewe za volti, upande wa volti ndogo tu, uangalie kuna mawimbi kiasi gani juu ya kila laini. Mita yako ya kawaida haiwezi kuyaona vizuri, kwa sababu pawa saplai za aina hii hukata umeme kwa masafa ya makumi ya kilohezi, nazo mita nyingi zimeundwa kwa ajili ya hezi 50.

Utuletee majibu.

---

DadaSaketi, Kakamega

Kaka fundi, Mzee amekueleza vizuri, lakini mimi naomba urudi kwenye sentensi uliyoipita haraka kuliko zote, ile ya harufu. Je, ni harufu ya samaki?

Sifanyi mzaha na watu wa ziwani. Kapasita ndogo za alumini zinazolehemiwa juu ya bodi, zilizotengenezwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, nyingi zilijazwa maji ya umeme yenye chumvi za amonia za aina maalumu. Chumvi hizo zilipunguza ukinzani wa ndani na kuifanya kapasita iwe ndogo na nzuri, lakini upande wa hasi zilizaa alkali iliyokula mpira wa kuzibia taratibu, hadi maji yakaanza kuvuja miguuni. Maji hayo yakipata joto huoza na kutoa amini, na amini ndiyo inayofanya samaki anuke samaki. Kwa hiyo ukiweka chuma cha kulehemu kwenye mguu wa kapasita iliyovuja, harufu inayopanda ni ya samaki kabisa, na mafundi wengi huitumia kama kipimo.

Osiloskopu za kwanza za mfululizo wa TDS 500 zinajulikana sana kwa ugonjwa huu, sawa na kompyuta za Macintosh SE/30 na vile vifaa vya michezo vya Game Gear. Dalili zako zinafuata utaratibu wake wa kawaida: mwanzoni kapasita hupungua uwezo na kuongeza ukinzani, nao ukinzani hushuka kapasita ikipata joto, ndiyo maana mashine ilikuwa ikipona kila baada ya saa moja. Baadaye maji yaliyovuja huanza kupitisha umeme kidogo kati ya njia zilizokaribiana, na hapo mstari wa chaneli husukumwa juu au chini. Mwishowe shaba yenyewe huliwa. Kutokana na maelezo yako, naona umeshatoka kwenye hatua ya kwanza.

Fungua kifuniko, utoe bodi ya kunasa mawimbi na uitazame kwa kioo cha kukuzia chini ya mwanga wa pembeni, si wa juu. Usitafute kapasita iliyovimba, kwa maana hizi hazivimbi. Tafuta lehemu iliyopoteza mng'ao na kuwa ya kijivu karibu na miguu, bodi inayong'aa kana kwamba ina mafuta, na ukijani kwenye matundu yanayopitisha njia kutoka upande mmoja wa bodi hadi mwingine. Kapasita inaweza kuonekana mpya kabisa juu na kuwa imeoza chini.

---

FundiObunga, Kisumu

Mzee na Dada, ahsanteni. Naleta matokeo.

Chaneli ya 2 haikusogea hata kidogo katika vipimo vyote vya volti, wala nilipobadilisha kiingilio. Laini za pawa saplai, nilipozipima kwa chaneli ya 1, zilikuwa safi zinapotoka kwenye pawa saplai yenyewe, lakini laini ya -5 ilikuwa na mawimbi makubwa nilipoipima ndani ya bodi ya kunasa mawimbi, sentimita chache tu kutoka kwenye aisii za chaneli ya 2.

Kuhusu harufu, ilinibidi nisubiri Jumapili. Asubuhi hiyo majirani zangu huenda kanisani na majiko yote hulala, kwa hiyo nilifungua kibanda, nikakaa kimya kidogo kuhakikisha kwamba hewa ni safi, kisha nikaweka chuma cha moto kwenye mguu wa kapasita moja iliyo karibu na chaneli ya 4. Harufu iliyopanda ilikuwa ya omena waliochelewa kuanikwa. Nimeishi na harufu hiyo ndani ya mashine kwa miezi miwili nikiwalaumu akina mama wasio na kosa.

Chini ya kioo cha kukuzia nimeyaona yote aliyoyataja Dada: kijivu, ung'avu wa mafuta na ukijani. Kapasita za aina hiyo zimetawanyika bodi nzima, nami sioni hata moja ninayoweza kuiamini. Swali langu sasa ni la mikono: ninaziondoaje bila kung'oa pedi (vipande vya shaba vinavyolehemiwa miguu), bodi ninaioshaje kwa vitu vinavyopatikana hapa mjini, na ninarudisha kapasita za aina gani?

---

FundiEldoret

Bwana fundi, tumia hewa moto. Weka nyuzi 350 hivi, zungusha mdomo wa mashine taratibu juu ya kapasita, na ikianza kuelea inyanyue kwa kibano. Nimetoa mamia ya kapasita kwa njia hiyo kwenye bodi za televisheni na sijawahi kujuta.

---

DadaSaketi, Kakamega

Ndugu wa Eldoret, kwenye bodi ya televisheni nakubaliana nawe, lakini kwenye hii sitathubutu. Kwanza, kapasita yenye maji ndani ikipashwa moto kutoka juu huchemka, na maji yaliyobaki hutapikwa kwenye bodi uliyokuwa unajaribu kuiokoa. Nyingine hupasuka kwa kishindo. Pili, lehemu iliyoliwa na alkali haiyeyuki kwa wepesi, na wakati unaendelea kuisubiri, aisii za kauri zilizo jirani zinaungua, nazo hakuna duka linaloziuza zikiwa mpya.

Njia yangu ni ya polepole. Ongeza flaksi (dawa ya kulainisha lehemu) nyingi na lehemu mpya ya risasi kwenye mguu mmoja mpaka ile ya kijivu ichanganyike na kung'aa, halafu fanya vivyo hivyo kwenye mguu wa pili, kisha tumia vyuma viwili vya kulehemu, kimoja kila upande, uinyanyue kapasita bila kuisukuma. Kama una chuma kimoja tu, kata mwili wa kapasita kwa koleo kali juu kidogo ya kitako cha plastiki, utoe kitako, kisha uondoe miguu mmojammoja. Wapo wanaoisokota kapasita kwa koleo mpaka ikatike miguu. Inafanikiwa kwenye bodi nzima, lakini kwenye bodi iliyoliwa, pedi inashikiliwa na gundi iliyokwisha kulainika, na ukisokota inafuata.

Kabla ya kutoa hata moja, piga picha za bodi nzima kwa simu, kipande kwa kipande, kisha uchore mahali pa kila kapasita, uwezo wake na upande wake wa hasi. Usitegemee maandishi ya bodi peke yake, kwa sababu mengine yatafutika wakati wa kusugua.

---

MwalimuBungoma

Naomba kuongeza mawili kuhusu kuosha, na moja kuhusu kumbukumbu ya mashine.

Kwa kuwa kilichovuja ni alkali, siki nyeupe ya jikoni iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa huizima vizuri. Paka kwa mswaki mahali palipochafuka tu, subiri dakika chache, kisha ondoa siki yote kwa maji. Maji ya bomba yana chumvi zake, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Soma chupa vizuri, kwa maana asidi ya betri mara nyingi huwekwa kwenye rafu ileile na chupa zinafanana. Malizia kwa alkoholi ya isopropili. Usiibadilishe kwa spiriti ya hospitali hata ukiambiwa kwamba ni kitu kimoja, kwa sababu spiriti hiyo huongezwa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi, nayo yatabaki kwenye bodi yako kama utando.

La kumbukumbu ni hili. Osiloskopu nyingi za miaka hiyo huhifadhi mipangilio, na nyingine hata namba za usawazishaji wa kiwandani, katika moduli za Dallas, ambazo ni kumbukumbu iliyofungiwa pamoja na betri ndogo ya lithiamu ndani ya plastiki moja. Mtengenezaji aliziahidi miaka 10 bila umeme. Mashine yako imeishi zaidi ya mara tatu ya hapo. Angalia bodi ya prosesa, na ukizikuta, tafuta mtu mwenye programa ya kusoma aisii akunakilie yaliyomo kabla hujafanya jambo jingine lolote, kisha uhifadhi nakala hiyo sehemu mbili. Ukiosha bodi yenye moduli hiyo, betri yake itapitishwa umeme na maji, na kilichomo kitapotea. Kwa hiyo bodi ya prosesa isioshwe pamoja na ile nyingine kwa pupa.

---

MstaafuNakuru

Mwalimu amenena. Kuhusu kapasita za kurudishia, nitaeleza ninavyofanya mwenyewe, kwa maana hapa mafundi hatukubaliani na sioni haja ya kuficha.

Kuna wanaorudisha alumini ileile, ya kisasa. Haina ubaya, na za leo hazivuji kama zile, lakini zina umri wake. Kuna wanaoweka kauri kila mahali kwa kuwa ni ndogo na hazivuji kamwe; hao nawaonya kwamba kauri ya uwezo mkubwa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake ikiwekewa volti, na ukinzani wake wa ndani ni mdogo mno kiasi kwamba baadhi ya regulata za zamani huanza kutetemeka zikiunganishwa nayo. Mimi hutumia kapasita ya tantali, yenye kiwango cha volti angalau maradufu ya laini inayokaa: kwenye laini ya volti 5 naweka ya volti 16, na kwenye laini ya volti 15 naweka ya volti 35. Tantali ikizidiwa haizimiki kwa upole, inapiga shoti ndani yake na kuwaka, ndiyo maana siweki ya kubana matumizi.

Sasa sikiliza hili kwa makini kuliko mengine yote. Kwenye kapasita ya alumini, alama nyeusi iliyo juu huonyesha upande wa hasi. Kwenye tantali ya kulehemiwa juu ya bodi, mstari huonyesha upande wa chanya. Mkono uliozoea kufananisha alama na alama utaziweka zote kinyume bila kugundua, nawe utazijua kwa moshi. Kumbuka pia kwamba kuna laini za volti hasi, ambako upande wa chanya wa kapasita ndio unaounganishwa na ardhi. Ukimaliza, mpe mtu mwingine ile michoro akague kila kapasita kabla hujawasha, hata kama ni mtoto wa shule mwenye macho mazuri.

Kuhusu kununua, kwenye maduka ya mtaa wa Luthuli, Nairobi, utapata nyingi, lakini omba zinazotoka kwenye mkanda uliofungwa, si zile za kumiminwa kutoka kwenye mfuko.

---

FundiObunga, Kisumu

Ndugu zangu, zimepita wiki tano, na sikutaka kuandika kabla ya kuwa na la kusema.

Nilianza na nakala ya kumbukumbu kama Mwalimu alivyoagiza. Nilipata mtu mwenye programa, akainakili kwa nusu saa. Kisha nikaingia kwenye bodi ya kunasa mawimbi kwa utaratibu wa Dada, kapasita tano au sita kila jioni, kwa sababu baada ya hapo mkono huanza kuharakisha. Pedi mbili ziling'oka hata hivyo. Moja ilitoka ikiwa imeganda kwenye mguu wa kapasita kama gamba la samaki, wala sikuwa nimeivuta.

Chini ya kapasita iliyo karibu kabisa na chaneli ya 2 ndiko nilikokuta kisa chote. Njia ya shaba inayopeleka -5 kwenye opampu (aisii ya kukuza mawimbi) ilikuwa imeliwa mpaka ikakatika, na pengo lake lilijaa uchafu wa kijani uliokuwa ukipitisha umeme kidogo na kuidanganya mita yangu. Mashine ikiwa imezimwa, nilipima ukinzani wake nikapata omu mia kadhaa mahali palipopaswa kuwa sifuri. Nilikwangua mpaka shaba safi ikaonekana pande zote mbili, nikaunga kwa uzi mmoja wa waya uliopakwa vanishi, nilioutoa kwenye koili ya relei ya zamani, kisha nikaufunika kwa rangi ya kucha ya mke wangu, ambaye bado anaitafuta. Kwenye pedi zilizong'oka nilifanya vivyo hivyo.

Nilisugua kwa siki, nikasuuza kwa maji ya betri na kumalizia kwa isopropili. Tantali zilikaguliwa na binti yangu wa kidato cha pili kwa kufuata michoro, naye akakuta moja iliyogeuzwa, kwenye laini ya -15. Mzee, ulisema.

Nilipowasha, mstari wa chaneli ya 2 ulishuka hadi katikati ya kioo na chaneli ya 4 ikatulia mashine ikiwa bado baridi. Jaribio la kuwashwa lilipita lote. SPC ilishindwa mara ya kwanza, lakini kosa lilikuwa langu kwa kuwa niliiendesha nikiwa nimeacha probu imechomekwa na mashine haijapata moto. Nilitoa kila kitu, nikaiacha iwake dakika 20 na zaidi, nayo ikapita.

Limebaki jambo moja. Nikiwasha chaneli moja peke yake kwa kasi kubwa kabisa, mstari unaonekana kama mistari miwili iliyobebana, mmoja juu kidogo ya mwingine. Nikiwasha chaneli zote nne, unapotea.

---

DadaSaketi, Kakamega

Hongera sana kaka, na pole kwa mama watoto.

Kuhusu mistari miwili, kumbuka namna mashine hii inavyofikia sampuli bilioni 1 kwa sekunde. Chaneli zote nne zikiwa zimewashwa, kila moja hupewa kigeuzi chake na kupata sampuli milioni 250. Ikiwa imewashwa moja tu, vigeuzi vyote vinne huichukua kwa zamu, kila kimoja kikidaka sampuli yake kisha kumpisha mwenzake. Kigeuzi kimoja kikiwa kimepotoka kidogo kwa volti, sampuli zake zote huanguka juu au chini ya zile za wenzake, na jicho huona mstari wa pili. Kwa hiyo chaneli unayoitazama haina kosa; mkosaji ni njia ya mojawapo ya vigeuzi vingine. Ulisema mwanzoni kwamba chaneli ya 3 ilikuwa na mstari mnene. Anzia hapo, na kabla ya kushika chuma, jiulize maji uliyosuuzia yameenda wapi. Yanapenda kubaki chini ya aisii pana, mahali ambapo mswaki haufiki.

---

MstaafuNakuru

Naunga mkono. Usiiguse kwa chuma. Iache bodi mahali penye joto la kiasi na upepo, siku mbili au tatu, kisha rudia SPC.

Na kwa kuwa uko Kisumu, weka kumbukumbu ya joto la chumba kila unapoiendesha SPC. Maelekezo ya Tektronix yanataka irudiwe joto la chumba likibadilika kwa zaidi ya nyuzi 5, nalo kwenye kibanda cha mabati hubadilika kiasi hicho kati ya asubuhi na saa nane mchana. Mimi hapa Nakuru huirudia pia msimu wa baridi wa Julai.

---

FundiObunga, Kisumu

Niliianika bodi siku tatu chini ya bati, nikiwa nimeifunika kitambaa chepesi kwa ajili ya vumbi na nzi. Nimeiwasha leo saa tano asubuhi, nikasubiri nusu saa, nikaendesha SPC, ikapita. Mstari ni mmoja kwa kasi zote, na ule wa chaneli ya 3 umekonda ukawa sawa na wenzake. Joto la chumba lilikuwa nyuzi 29, na nimeliandika kwa kalamu kwenye karatasi niliyoibandika ubavuni mwa mashine.

Bodi ya prosesa nayo ina kapasita chache za aina ileile. Bado hazijavuja, ila nimeshaziagiza. Nitazibadilisha Jumapili, kabla majiko hayajawashwa.